Jinsi ya kuomba ruhusa ya kunakili au kurekodi muziki shuleni

Kwaya ya shule ikitaka kurekodi wimbo wa mtu, au mwalimu akitaka kutoa fotokopi za nota kwa kwaya nzima, ruhusa huombwa mapema, si baada ya video kupandishwa YouTube. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaziachia shule nafasi ndogo tu. Mathalani, dondoo fupi zisizozidi mbili za kazi ya mtu zaweza kuingizwa katika mkusanyiko wa shule, mradi jina la kazi na la mtunzi yatajwe. Wimbo mzima unahitaji idhini.

Anza kwa kumjua mwenye haki. Hapa ndipo walimu wengi hukwama. Wimbo mmoja unaweza kuwa na wenyewe watatu: mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji aliyesimamia rekodi. Kwaya yenu ikiimba upya na kurekodi, au mkitaka kunakili nota, mtafuteni mtunzi. Mkitaka kuweka rekodi iliyopo kwenye flashi za wanafunzi, mtayarishaji na waimbaji nao lazima wakubali. Nyimbo za asili zinahitaji uangalifu: wimbo ni wa jamii, lakini mpangilio wa sauti nne ulioandikwa na mtu ni kazi yake. Wengi wa wapangaji hao ni walimu wenzetu, na jasho lao linastahili heshima hata kama nota zimezunguka shule kumi bila jina. Mtunzi akishafariki, haki hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki.

Usipompata mwenye haki, nenda Bodi ya Hakimiliki Kenya (KECOBO), jijini Nairobi. Waulize ni vyama gani vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya wenye haki kazi zao zinapotumiwa, vina leseni halali kwa sasa, kisha ndipo ulipe ada yoyote.

Halafu andika barua kwenye karatasi yenye nembo ya shule, isainiwe na mwalimu mkuu na kupigwa muhuri. Eleza wazi, kwa mfano: “Tunaomba ruhusa ya kutoa nakala 40 za nota za wimbo wako, na kurekodi kwaya yetu ikiuimba mara moja kwa ajili ya kumbukumbu ya shule. Rekodi haitauzwa wala kuwekwa mtandaoni.” Kama mnakusudia kuiweka mtandaoni au kuuza CD siku ya wazazi, semeni hivyo hivyo, hiyo ni ruhusa nyingine, na huenda ikawa na malipo.

Ruhusa ya kawaida, yaani isiyomzuia mtunzi kuwaruhusu na wengine, yaweza kutolewa hata kwa mdomo, ila dai maandishi, kwa sababu mwalimu wa muziki huhamishwa na makubaliano huondoka naye. Mtunzi akikaa kimya, hajakubali. Mpigie tena, au chagua wimbo mwingine kabla mazoezi hayajaanza. Jibu likifika, weka nakala moja ofisini na nyingine kwenye faili la kwaya, na uandike jina la mtunzi juu ya kila ukurasa wa nota utakaogawa.