Kusajili muundo wa saa ya mkononi Ulaya: mwongozo wa aliyetokewa puani na picha mbili

Tuanze na saa yenyewe, maana usipoielewa hutaelewa nilipojikwaa. Haina mishale. Usoni ina tundu moja lenye umbo la tanga la dau, na nyuma ya tundu kuna sahani inayozunguka mara moja kwa siku nzima. Jua linachomoza kona ya kushoto saa kumi na mbili asubuhi, linafika kileleni saa sita mchana, linazama kulia saa kumi na mbili jioni, kisha mwezi unashika zamu. Namba za pembeni zinasomeka kama tunavyotamka: moja, mbili, tatu, wala si saba, nane, tisa. Dakika zinahesabiwa na nukta nyekundu inayotembea ukingoni. Niliibuni kwa ajili ya mwanangu aliyezaliwa hapa Hamburg. Kila bibi yake wa Tanga akisema atapiga simu saa mbili, mtoto anasubiri mchana kutwa.

Jamaa walipoanza kuiulizia bei, nikaamua kuisajili EUIPO, ofisi ya miliki bunifu ya Umoja wa Ulaya iliyoko Alicante, Hispania. Kila kitu kinafanyika mtandaoni. Hakuna foleni, hakuna "njoo kesho", hakuna wa kukwambia mhusika ametoka kunywa chai. Ubaya wake, hakuna wa kumlilia pia.

Kabla ya lolote, tafuta. DesignView na eSearch plus ni tovuti za bure za kutafutia, na humo unaona miundo iliyosajiliwa kwa picha. Mimi nilijiona mgunduzi mpaka nilipokutana na saa za mfukoni za London za mwishoni mwa karne ya 17: jua linapita kwenye upenyo wa nusu duara mchana, mwezi unapita usiku. Wazo langu lina miaka zaidi ya 300! Nusura niache. Kilichoniokoa ni kuelewa jambo ambalo wengi hulikosea: usajili wa muundo haulindi wazo, unalinda sura. Mfano, wazo la saa ya mshale mmoja halina mwenyewe. MeisterSinger wa Ujerumani wanauza za namna hiyo tangu 2001, na wengine wanazo pia. Vivyo hivyo hakuna atakayemiliki kuhesabu saa Kiswahili. Ila tanga langu, mpangilio wa namba zangu na ule ukingo wa dakika, hivyo vina sura, na sura inasajilika. Kama ulichobuni ni namna mashine inavyofanya kazi ndani, hiyo ni njia ya hataza (patent), na mwongozo huu haukuhusu.

Jua pia kwamba ofisi haikagui kama muundo wako ni mpya kweli. Inakagua fomu na picha, basi. Cheti utakipata haraka, lakini mtu mwenye ushahidi kwamba sura hiyo ilikuwepo kabla anaweza kuomba kifutwe. Kwa hiyo jioni mbili tatu za kutafuta si za kupoteza.

Kama ulishaitangaza mwenyewe, hesabu miezi. Ulaya inakupa miezi 12 ya kuomba usajili, tangu ulipoionyesha hadharani mara ya kwanza. Mimi nilirusha video Instagram kwa furaha ya fundi, na nilipokuja kuhesabu, miezi tisa ilikuwa imeshayeyuka.

Walioko Nairobi au Dar: usipokuwa na makazi wala biashara ndani ya eneo la kiuchumi la Ulaya, jiandae kuwa na wakala aliyeidhinishwa, na wakala hula. Kwa Kenya unaweza kuanza nyumbani, KIPI, ofisi ya huko ya kusajili miundo na hataza, ambako ulinzi unakwenda hadi miaka 15 kwa vipande vya mitano mitano. Kisha ndani ya miezi sita tangu tarehe ya ombi la kwanza unaomba Ulaya ukidai kipaumbele, yaani uhesabiwe kama uliomba tarehe ile ile. Miezi sita ni ya miundo. Usidanganywe na anayekutajia mwaka mzima. Huyo anazungumzia hataza.

Sasa pesa. Ada ya muundo mmoja ni euro 350. Kuna mfuko wa kusaidia wafanyabiashara wadogo waliosajiliwa ndani ya Umoja wa Ulaya, SME Fund, na mwaka wangu ulikuwa unarudisha robo tatu ya ada. Sharti lake: unaomba vocha KWANZA, unakubaliwa, ndipo unapeleka ombi na kulipa. Mimi nililipa Jumanne, saa tano usiku, nikiwa nimejaa ari. Habari za mfuko nilizisikia Ijumaa, kwa kinyozi. Piga hesabu mwenyewe robo tatu ya 350 ni ngapi. Mimi bado sitaki.

Halafu picha. Hapa ndipo penye kazi, mengine yote ni kujaza majina.

Nilipoomba mimi, kikomo kilikuwa picha saba kwa muundo mmoja. Nilienda studio moja, fotografa kijana, mchangamfu, mwenye kupenda mandhari. Akaniwekea saa juu ya mchanga na kombe la baharini. Nzuri za harusi! Hazifai. Nyuma ya bidhaa panatakiwa peupe au rangi moja tulivu, pasipo kivuli cha kuchanganya wala pambo. Tukarudia, nikalipa tena.

Raundi ya pili nikaharibu mwenyewe. Picha nne saa ilikuwa na mkanda wa ngozi, na mbili nikaivisha mkanda wa kitenge kwa sababu ulikuwa umependeza. Kwa jicho langu ni saa ileile. Kwa jicho la mkaguzi ni miundo miwili ndani ya ombi moja. Ikaja barua ya kasoro yenye muda wa miezi miwili: ama niondoe picha za kitenge, ama niligeuze ombi kuwa la miundo mingi na kuongeza ada. Nikaziondoa. Kitenge kikabaki nje ya ulinzi.

Ningekuwa na akili ya leo, ningepeleka michoro ya mistari, na mkanda ningeuchora kwa mistari ya vipande vipande. Mistari hiyo maana yake ni "hiki kipo lakini sikidai". Hapo ulinzi unakaa kwenye uso wa saa peke yake, uvishe ngozi, kitenge au ukindu. Ukianza na michoro, malizia na michoro. Usichanganye na picha za kamera.

Swali ninaloulizwa sana: saa inabadilika sura kila wakati, sasa unaonyesha ipi? Zote unazoweza. Jua likiwa kushoto, likiwa kileleni, mwezi ukiwa zamu, yanakubalika kama mikao tofauti ya kitu kimoja, ilimradi hukuongeza wala kupunguza kipande. Ila usiandike chochote juu ya picha. Mimi kwenye rasimu nilitia mshale na maneno "hapa ni saa moja asubuhi". Bahati nzuri rafiki aliyewahi kupitia huko alinishtua. Maneno yaliyochapwa kwenye saa yenyewe hayana tatizo.

Na usipoteze picha kuonyesha mashine ya ndani. Sehemu ya ndani isiyoonekana mtu anapoitumia saa kawaida hailindwi. Mimi nilifungua mfuniko wa nyuma nikapiga, nikajiona mtaalamu.

Fomu yenyewe ni fupi. Kundi la Locarno, yaani orodha ya kimataifa ya kupanga bidhaa kwa aina, ni la 10: saa za mkononi 10-02, uso wa saa na vipande vingine 10-07. Chagua lugha ya pili ya ombi kwa makini, maana unaweza kujikuta kwenye mgogoro unaoendeshwa kwa lugha hiyo. Kama hujaanza kuuza, omba kuahirisha kutangazwa, hadi miezi 30, picha zako zisionekane na washindani. Mimi sikuahirisha.

Ndiyo maana muundo ulipotangazwa tu, sanduku langu la barua likaanza kujaa. Barua zenye nyota, bendera, namba yangu ya usajili na hata picha ya saa yangu, zikidai euro elfu na kitu za "kuingizwa kwenye rejista". Ya kwanza nilishafungua programu ya benki, mke wangu akauliza mbona mwenye akaunti si EUIPO. Ofisi yenyewe inaonya kuhusu barua hizi na inasema haitumi ankara kwa waombaji. Unachodaiwa kweli baadaye ni ada ya kuhuisha kila miaka mitano, hadi ifike 25, na utaiona ndani ya akaunti yako ya mtandaoni.

Jana imekuja ya tatu. Hii ina muhuri mzuri kuliko wa cheti chenyewe.