Kupeleka darasa fildi kuona mji unavyojengwa upya: Magomeni, Jangwani mpaka Kariakoo

Kama wewe ni CR (kiongozi wa darasa) au mwalimu msaidizi na umepewa kazi ya kuandaa fildi ya darasa la mipango miji hapa Dar, soma hii kabla hujakodi basi. Fildi nyingi zinaenda hivi, watu wanashuka, wanapiga picha maghorofa, mhusika wa mradi anawasomea maelezo nusu saa, wanapanda gari wanarudi, alafu ripoti zote zinafanana. Aliyekuwa anaishi pale kabla ghorofa halijasimama hajaulizwa chochote. Na kwangu mimi hilo ndo swali la fildi nzima: nani alikuwa hapa, alienda wapi, na alirudi au hakurudi.

Sehemu tatu zinatosha kwa siku moja na zote ziko njia moja. Pandeni mwendokasi tu, maana na wenyewe ni sehemu ya somo, ulianza kubeba abiria 2016 na umebadilisha kabisa Morogoro Road.

Barua ya utambulisho ya chuo mapema, na kumbuka Magomeni ni wilaya ya Kinondoni ila Jangwani na Kariakoo ni Ilala kwa hiyo andaa barua mbili. Ukitoka wilayani shuka kwa mtendaji wa kata, alafu mwenyekiti wa mtaa, huyu wa mwisho ndo muhimu kuliko wote, kaa naye vizuri, mwombe akutafutie wazee wawili watatu, mwenye nyumba, na wapangaji. Msisitizie wapangaji, kwenye habari za fidia hao ndo wanasahaulika. Darasa nalo lisome kanuni za fidia za 2001 kabla ya kwenda, wajue fidia siyo bei ya nyumba tu, kuna posho ya usumbufu, kuna usafiri, kuna posho ya makazi inayopigwa kwa kodi ya miezi 36. Mwanafunzi asiyejua hayo ataishia kumuuliza mzee "ulijisikiaje" na mzee atachoka.

Magomeni Kota anzeni saa mbili asubuhi kabla ya jua. Kaya 644 zilitolewa kwenye nyumba za zamani, zikavunjwa, watu wakakaa miaka wakihangaika na kodi huko walikoenda, 2016 Magufuli akaahidi kuwajengea, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa yaliyopo sasa. Ni nadra mji kurudisha watu walewale pale pale kwa hiyo msipite haraka. Ulizeni maisha ya juu yakoje kwa mtu aliyezoea uwani, mkaa anapikia wapi, lifti ikizima mzee anashukaje, usafi wa ngazi analipa nani. Na shikamoo ianze kabla ya karatasi ya maswali jamani.

Jangwani robo saa tu, simameni darajani muangalie bonde la Msimbazi. Mafuriko ya Desemba 2011 ndo yaliyofanya familia nyingi zipelekwe Mabwepande, waonyeshe kwenye ramani ni umbali gani na mtu aliyekuwa anatembea kwa mguu kwenda kibaruani Kariakoo ikawaje. Masika msiende, njia yenyewe huwa inafungwa.

Kariakoo ipeni nusu siku. Pale hakuna mradi mmoja wa serikali, mji unajengwa upya kiwanja kimoja kimoja, mwenye nyumba ya Kiswahili anaingia ubia na mwenye hela, nyumba inavunjwa, ghorofa linapanda, yeye anaachiwa sehemu yake. Tafuteni nyumba ya zamani iliyobaki katikati ya maghorofa, bado zipo, mchore: baraza mbele, mlango katikati, korido, vyumba vitatu huku vitatu huku, nyuma uwani na choo na jiko. Alafu chora ghorofa la jirani kwenye kiwanja cha ukubwa uleule. Hesabuni mita za umeme za Luku ukutani, mtakadiria kuna wapangaji wangapi hata bila kuuliza. Angalieni madirisha ya juu, penye nguo zimeanikwa wanakaa watu na penye maboksi hadi dari ni stoo, utashangaa makazi yamebaki kidogo kiasi gani. Pitieni nyuma pia mkaone chemba za maji taka, maana bomba la familia tano sasa linahudumia jengo zima. Novemba 2024 ghorofa lilianguka hapo hapo na watu wakafa, kwa hiyo kibali cha ujenzi na ukaguzi viongeleeni mkiwa mtaani, msingoje darasani. Malizeni sokoni, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli ya miaka ya 70, liliungua Julai 2021, na waulizeni machinga wanahamishwaga wapi kila ukarabati ukianza.

Makundi yasizidi watu sita, mmoja anauliza mmoja anaandika mmoja anachora, wengine wanasikiliza. Simu mfukoni mpaka mmeomba ruhusa ya picha. Maji mabegani. Msimwahidi mtu yeyote kwamba mtamsaidia kupata fidia, hata kwa kumfariji, maana ataikumbuka hiyo ahadi na kumdai mwenyekiti.

Ripoti ikishasahihishwa toeni kopi, kurasa mbili za Kiswahili chepesi na ile michoro zinatosha, mkaiache ofisi ya mtaa. Darasa la mwakani litapita mlango uleule.