Kufufua Raleigh ya zamani nyumbani, na hasa namna ya kutoa pini ya krenki

Naandika somo hili kwa sababu swali la pini ya krenki isiyotoka (pini inayobana mkono wa pedali kwenye ekseli ya kati ya baiskeli) limeulizwa mara nyingi mno, na kwa kawaida huulizwa baada ya pini kupindwa na gololi kuharibiwa. Nazungumzia baiskeli ndefu za breki za fimbo na magurudumu ya inchi 28, hasa Raleigh zilizotengenezwa Nottingham, Uingereza. Mwenye Phoenix ya Shanghai au Hero ya Ludhiana naye atafaidika, kwa kuwa hizo zilifuata umbo hilohilo, na ndiyo maana vipuri vingi vya baiskeli hizi bado vinapatikana katika maduka yetu.

Hatua ya 1. Piga picha kila upande kabla ya kufungua nati yoyote.

Hatua ya 2. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Mistari ya dhahabu kwenye fremu haivumilii petroli wala brashi ya waya, na ikishafutika hairudi.

Hatua ya 3. Toa cheni, magurudumu na pedali. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea kulia.

Hatua ya 4. Pini ya krenki. Hapa tafadhali soma polepole. Pini hii ni kabari: imechongwa bapa upande mmoja, ikabanwa kati ya mkono wa krenki na ekseli, kisha kutu ya miaka mingi ikaishikamanisha. Usiku wa kuamkia kazi, idondoshee mafuta ya kulegeza kutu pande zote mbili. Ukikosa, changanya mafuta ya taa na oili kidogo ya injini. Asubuhi legeza nati hadi uso wake ulingane na ncha ya pini, lakini usiitoe kabisa, kwa maana ndiyo itakayolinda nyuzi (mikunjo ya skrubu kwenye ncha ya pini) zisipondeke. Kisha simamisha kipande cha bomba nene la chuma juu ya sakafu ya saruji, kirefu kiasi cha kufika chini ya mkono wa krenki, na kichwa cha pini kiingie ndani ya tundu la bomba. Bila bomba hilo nguvu yote ya nyundo huishia kwenye gololi na vikombe (bakuli za chuma ambamo gololi huzunguka), navyo hutoboka vishimo; kukiwa na bomba, nguvu huishia kwenye pini na sakafuni. Piga pigo moja zito lililonyooka. Mapigo mengi madogo huikunja ncha na kuinenepesha, na pini iliyonenepa haipiti tena kwenye tundu. Ikigoma, ongeza mafuta na usubiri siku nyingine. Ikipinda, kata sehemu yenye nyuzi kwa msumeno, kisha isukume kwa kipande cha chuma chembamba kuliko pini. Kuitoboa kwa drili ni njia ya mwisho kabisa.

Wakati wa kurudisha, pima kwanza pini ya zamani, kwani zipo za milimita 9.5 na za milimita 9. Ingiza pini mbili zikielekeana kinyume: nati ya upande mmoja ikitazama juu, ya pili itazame chini, la sivyo pedali hazitakaa katika mstari mmoja. Gonga pini hadi ikae, ndipo ukaze nati. Usiivute kwa nati, utachuna nyuzi. Baada ya safari fupi ya kwanza, gonga na kukaza tena.

Hatua ya 5. Fungua vikombe vya ekseli ya krenki. Kikombe cha upande wa cheni nacho kina nyuzi za kinyume, na kama hakijachakaa kiache palepale, ukisafishe kikiwa mahali pake. Weka grisi mpya na gololi mpya za robo inchi, 11 kila upande.

Hatua ya 6. Kutu nyepesi juu ya kromu huondoka kwa kusugua na karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji.

Hatua ya 7. Unganisha kwa kufuata picha zako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, nimejaribu kila kitu, pini haitoki. Naomba msaada wa haraka.
Jibu: "Kila kitu" ni nini? Umeiacha na mafuta usiku kucha? Umeweka bomba? Jibu hayo kwanza.

Swali: Bomba sikuwa nalo, nikapiga hivyohivyo. Sasa krenki inakwaruza. Somo lingeeleza kwamba ni lazima.
Jibu: Limeeleza, na limetaja sababu. Nunua gololi mpya, na ukague vikombe kwa ukucha. Ukihisi vishimo, badilisha.

Swali: Nimenunua tairi la 28 na haliingii kwenye rimu. Nimeuziwa bovu?
Jibu: Si bovu. Soma namba ndogo ubavuni: rimu yako inataka 635 (kipenyo kwa milimita), na huenda umepewa 622. Zote huitwa 28.

Swali: Shikamoo fundi. Hab yangu ya nyuma (kitovu cha gurudumu) imechongwa AW na chini yake 57. Ina maana gani, na je, naweza kuitia grisi?
Jibu: Marahaba, na asante kwa kuchunguza kabla ya kufungua. Hiyo ni Sturmey-Archer ya gia tatu, aina iliyoanza mwaka 1936, na 57 ni mwaka 1957. Hab hiyo ndiyo ya mwaka huo. Fremu inaweza kuwa na umri mwingine, kwani magurudumu hubadilishwa. Ndani usitie grisi: tia matone machache ya oili nyepesi kupitia kitundu chenye kifuniko. Gia ya kati haibadilishi mwendo. Ya chini hupunguza kwa robo na ya juu huongeza kwa theluthi.

Swali: Kikombe cha baiskeli nyingine ya Kiingereza kimegoma kwenye Raleigh yangu, ingawa upana ni uleule.
Jibu: Umepima vizuri. Raleigh ilitumia nyuzi 26 kwa inchi, wengine wengi 24. Usilazimishe, utaharibu fremu. Tafuta kikombe cha Raleigh.

Mchango: Mimi hutoa pini kwa jiliwa (kibanio cha mezani cha fundi) badala ya nyundo. Naweka nati kubwa upande wa kichwa ili pini ipate pa kutokea, kisha nakaza taratibu.
Jibu: Njia nzuri kuliko yangu, mradi jiliwa ni imara. Ukisikia mlio mkali wa ghafla usishtuke. Ni pini imeachia.