Kabla hujabofya PCB: mambo ya kuzingatia unapopanga kidato cha tano na kinachofuata

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, TAMISEMI hufungua mfumo wa Selform kwa muda ili mhitimu arekebishe machaguo ya shule na kombi, yaani masomo matatu ya kidato cha tano na sita, aliyoyajaza akiwa bado shuleni. Hapo ndipo steshenari za Ngamiani, hapa Tanga mjini, hujaa. Kijana amekaa mbele ya kompyuta, mama amesimama nyuma yake na pochi mkononi, mwenye steshenari anauliza, "Haya, tuweke nini?" Jibu linatoka kwenye simu, kwa mjomba aliyeko Dar: "Weka PCB, awe daktari." Inabofywa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, wanalipa, wanaondoka. Hakuna aliyeuliza kijana alipata ngapi Fizikia.

Uamuzi huu haufai kufanywa siku ile. Ufanywe mapema, ikiwezekana kidato cha tatu, na ufanywe kwa kuanzia mwisho kurudi nyuma: kwanza kozi unayoitaka, kisha masomo yanayodaiwa na kozi hiyo, kisha kombi yenye masomo hayo, na mwisho ndipo uangalie alama zako zinakuruhusu au hazikuruhusu. Wengi wetu tunaanzia kwenye kombi kwa sababu jina lake lina heshima, halafu kozi tunaitafuta miaka miwili baadaye.

Chombo cha kazi hii kipo na ni bure. Kila mwaka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hutoa mwongozo wa udahili unaoorodhesha vyuo vikuu, kozi zake na sifa za kuingilia kila kozi. Watu huufungua baada ya kidato cha sita, wakati hakuna tena cha kubadilisha. Ufungue sasa. Chagua kozi tatu nne zinazokuvutia, andika kwenye daftari masomo yanayotakiwa kwa kila moja, na uangalie vyuo viwili au vitatu tofauti, maana kozi ya jina lilelile inaweza kudai masomo tofauti kidogo kutoka chuo hadi chuo. Kiwango cha chini cha kuingia shahada kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu wa masomo makuu mawili, yaani kuanzia E kwenda juu, wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hapa wazazi huchanganyikiwa kweli kweli, kwa sababu kwenye divisheni za NECTA, Baraza la Mitihani, hesabu inakwenda kinyume: A ni 1, na pointi chache ndizo nzuri. Ukisikia mtu anajisifu kwa pointi nyingi, muulize kwanza ni pointi za nani.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Binti wa Makorora amepata B ya Biolojia, C ya Kemia, B ya Jiografia na D ya Fizikia. Masharti ya kuingia kidato cha tano katika shule za serikali yanataka ufaulu wa A, B au C katika masomo yasiyopungua matatu yasiyo ya dini, na pointi za masomo matatu ya kombi ziwe kati ya 3 na 10, bila F hata moja ndani yake. Kwa pointi za NECTA B ni 2, C ni 3 na D ni 4, kwa hiyo hesabu zake kwa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) ni 3 na 2 na 2, jumla 7. Kwa PCB ni 4 na 3 na 2, jumla 9. Kombi zote mbili zinaingia kwenye mstari, kwa hiyo kwenye karatasi anaruhusiwa kuchagua yoyote.

Sasa ndipo maswali yenyewe yanapoanza. Akichukua CBG, Fizikia anaiacha, na kozi ya udaktari wa binadamu inadai Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu katika kiwango cha kidato cha sita. Mlango huo umefungwa siku alipobofya. Na wapo wanaosoma CBG miaka miwili mizima nyumbani wakiitwa "dokta". Akichukua PCB, mlango uko wazi, lakini anaingia na D ya Fizikia kwenye Fizikia ya kidato cha tano, ambayo haimsubiri mtu. Ushauri wangu huwa ni kuiangalia ile D ilitoka wapi. Kama shule haikuwa na mwalimu wa Fizikia na mtoto alijisomea mwenyewe kwa maswali ya miaka iliyopita, D hiyo ina uhai, akipata mwalimu atapanda. Kama alifundishwa vizuri, akasoma tuisheni, na bado ikawa D, basi CBG itampeleka kwenye kilimo, mazingira, misitu, lishe na mengine mengi bila kumvunja. Kukaa PCB miaka miwili kisha kutoka na S ya Fizikia, alama iliyo chini ya E, hakumsaidii mtu, na heshima ya jina la kombi haiandikwi kwenye cheti.

Na kuna njia ya tatu ambayo mjomba wa Dar hakuitaja. Stashahada ya utabibu inamchukua aliyemaliza kidato cha nne mwenye ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, kuanzia D. Yule binti anazo. Miaka mitatu baadaye anaweza kuwa tabibu kazini, wakati mwenzake wa PCB bado yuko miaka ya mwanzo chuo kikuu. Tena anayemaliza stashahada kwa GPA isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada, ingawa vyuo vingine hudai zaidi ya hapo.

Lakini Hisabati! Kwa wanaotoka stashahada ya utabibu kwenda udaktari, mwongozo wa TCU umekuwa ukidai pia D za kidato cha nne katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia na Kiingereza. Maana yake ni kwamba F ya Hisabati uliyoipata ukiwa na miaka kumi na saba inaweza kukusimamisha ukiwa mtu mzima mwenye kazi na watoto. Kozi nyingi za biashara, uhasibu na uchumi nazo huuliza Hisabati, iwe ya kidato cha nne au ile BAM, Hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, inayosomwa na wanasayansi wasio na Hisabati ya juu kwenye kombi yao. Kwa hiyo kama uko kidato cha tatu na umeshaamua kwamba "Hesabu siyo yangu", angalau iwe yako kwa kiwango cha D. Na kama ulishamaliza na ukapata F, kurudia somo moja kama mtahiniwa wa kujitegemea kunawezekana. Usajili hufanyika mwanzoni mwa mwaka, usiusubiri hadi ukumbuke.

Kuhusu kombi za sanaa na biashara nitakuwa mfupi. HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) na HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) zinatosha kwa sheria, ualimu, utawala na lugha, na ugomvi wa ipi bora kati yao ni wa mabwenini tu. EGM ndiyo inayodharauliwa bila sababu. Ina Uchumi, Jiografia na Hisabati, inafungua takwimu, uchumi, uhasibu, ardhi na mipango, na mji wenye bandari kama wetu unahitaji watu wa hesabu za mizigo na fedha kila siku. Anayeimudu Hisabati asiikimbilie HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) kwa kuwa tu rafiki zake wako huko.

Tangu 2024 kuna tahasusi, yaani kombi, mpya pia. Serikali iliongeza 49, jumla zikawa 65, zikiwemo za michezo, sanaa, lugha na masomo ya dini. Ni jambo jema, ila kabla ya kuchagua mpya jiulize mambo mawili: ni shule zipi zinaifundisha, na je, masomo yake yanatajwa na kozi unayoitaka kwenye mwongozo? Kama jibu la pili ni hapana, unachagua kwa upendo, na upendo si vibaya, mradi ujue.

Turudi kwenye vyuo vya kati, kwa sababu hapa Tanga tumezungukwa navyo na bado mtoto akienda huko majirani husema "amekosa fomu faivu". Mjini kuna chuo cha afya na VETA. Buhuri kuna kampasi ya LITA, wakala wa mafunzo ya mifugo, inayofundisha afya na uzalishaji wa mifugo. Lushoto kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama kinachotoa astashahada na stashahada ya sheria. Ukivuka kuelekea kusini, Mbegani kule Bagamoyo wanafundisha uvuvi. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha hata wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele kama afya, kilimo na mifugo, usafirishaji na nishati, kwa hiyo ile hoja kwamba diploma ni ya wenye pesa haina nguvu kama zamani. Kwenye Selform yenyewe unaweza kuchagua vyuo pamoja na shule, usikiache kipengele hicho wazi kwa kiburi.

Neno moja kuhusu bomba. Tangu ujenzi wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani uanze kusikika, kila nyumba ina mtoto anayetaka "kusoma mafuta na gesi". Sawa, lakini tenganisha kazi na jina la kozi. Bomba linahitaji wachomeleaji, mafundi umeme, madereva wa mitambo, walinzi wa usalama kazini, wahasibu, watu wa maabara. Nyingi kati ya hizo zinaanzia VETA au chuo cha ufundi. Anayetaka uhandisi aelewe kwamba bila kombi yenye Fizikia na Hisabati, kama PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), au bila stashahada ya ufundi yenye GPA nzuri, hafiki.

Jambo linalochosha kulisoma lakini linaloumiza likipuuzwa ni karatasi. Majina yaliyosajiliwa NECTA ndiyo yatakayobaki kwenye cheti. Kwetu huku jina moja lina sura nyingi: Kassim na Kasimu, Mwanahamisi na Mwanahamis, mwingine cheti cha kuzaliwa kina jina la babu na shuleni kaandikwa jina la ukoo. Wakati wa usajili wa mtihani mwalimu hupitisha orodha ya majina. Mtoto asiikague juu juu, akae nayo na cheti cha kuzaliwa pembeni, herufi kwa herufi. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze kukifuatilia leo RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, na kwa aliyefiwa na mzazi inataka cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Nimeona familia zikihangaika na cheti cha kifo cha baba aliyefariki zamani wakati dirisha la mikopo limebakiza siku chache, na mwenyekiti wa mtaa aliyekuwepo wakati huo naye keshahama.

Pesa nayo ipangwe mapema. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia 2022/2023, lakini fomu ya kujiunga bado ina orodha: godoro, shuka, ndoo, rimu, sare, vifaa vya usafi, na fomu ya afya inayojazwa hospitalini. Shule nyingi za kombi za sayansi ni za bweni, na mtoto wa Tanga anaweza kupangiwa Songea au Tabora, kwa hiyo nauli ya kwenda na kurudi likizo ihesabiwe humo humo. Aliyepangiwa Lushoto apate sweta. Joto la Raskazone lisimdanganye.

Halafu kalenda, ambayo watu huiona imekaa mbali. Kidato cha tano huanza Julai. Mtihani wa kidato cha sita ni Mei, miaka miwili baadaye kasoro. Baada ya hapo vijana huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, wengine Maramba hapa Mkinga, wengine mbali. Matokeo hutoka Julai, na maombi ya vyuo na ya mkopo hukimbia katika miezi ileile, kijana akiwa kambini anakata majani. Kwa hiyo kabla hajaondoka, nyumbani abaki mtu mmoja anayejua kila kitu: nakala za vyeti, namba ya mtihani, nywila za akaunti alizofungua, na orodha ya kozi kwa mpangilio wa anavyozitaka. Mtu mmoja, siyo watatu, maana watatu watajaza fomu tatu.

Na namba ya simu itakayowekwa kwenye maombi iwe ya laini ambayo haitapotea. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa msimbo wa kuthibitisha chuo anachokitaka, na msimbo huo unakwenda kwenye namba iliyoandikwa. Ikiwa ni laini ya mwenye steshenari, mtarudi kumtafuta, na huenda siku hiyo kafunga duka kaenda Pangani arusini.