Namna ya Kuipokea Habari Inayopinga Unachokiamini

Mara nyingi habari inayopinga imani zetu haikataliwi kwa hoja, bali huachwa ipite. Tunaifunga kwenye simu kabla ya kuimaliza, au tunamshuku aliyeileta, na baada ya wiki mbili hatuikumbuki tena. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuizuia isipotee.

Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza aliyeeleza jinsi viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, alieleza katika tawasifu yake kwamba kwa miaka mingi alikuwa na kanuni ya kuandika papo hapo kila jambo lililopinga hitimisho lake, kwa kuwa aliona kwamba mambo ya aina hiyo humtoka mtu akilini upesi kuliko yale yanayomuunga mkono. Nawe tenga kurasa chache za daftari, uandike habari yenyewe kwa maneno ya aliyeisema, ilikotoka, na tarehe. Jibu lako usiliandike siku hiyo hiyo, kwa sababu jibu la haraka huwa la kujitetea.

Ukirudi kwenye ukurasa huo, usijiambie tu kwamba utakuwa mwadilifu. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani Charles Lord, Mark Lepper na Elizabeth Preston walionyesha kwamba kumhimiza mtu asipendelee upande hakumsaidii sana. Kilichosaidia ni kumtaka ajiulize kama angeupima ushahidi ule ule kwa namna ile ile iwapo ungeleta matokeo ya kinyume.

Swali hilo lina uzito mkubwa pale afya inapohusika. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, wengi wakitegemea shuhuda za waliosema wamepona kisukari au UKIMWI. Mtu aliyekuwa akiamini angeweza kujiuliza: jirani yangu akinywa na kusema hajapona, nitauchukua ushuhuda wake kuwa kipimo cha dawa hii? Kama ushuhuda wa mtu mmoja hautoshi kukanusha, basi hautoshi kuthibitisha pia. Aliyepinga naye alipaswa kujiuliza vivyo hivyo, kwani dharau si ushahidi.

Ndiyo maana inafaa kuamua mapema, kabla matokeo hayajajulikana, ni kitu gani kitakachokufanya ubadili mawazo, kisha ukiandike. Kujisikia nafuu hakutoshi, maana nafuu huja na kuondoka, na mgonjwa anayeendelea kumeza dawa za hospitali anaweza kuisifia dawa nyingine kwa kazi ambayo hizo zimeifanya. Chagua kipimo ambacho mtu mwingine anaweza kukisoma bila kujua wewe unatamani nini. Kamwe usiache matibabu uliyoandikiwa ili tu kujaribu imani yako. Mazungumzo na daktari yatangulie.

Tafuta pia mtu mmoja unayemheshimu asiyekubaliana nawe, mzungumze faraghani. Katika kundi la WhatsApp, au mbele ya ndugu na jamaa, watu hulinda heshima zao kuliko wanavyotafuta ukweli, na hilo ni jambo la kibinadamu. Msikilize mpaka uweze kuyarudia maoni yake naye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Ndipo useme yako.

Si kila ujumbe unaostahili jitihada zote hizi. Usio na chanzo waweza kuuacha, ila kwanza ujihakikishie kwamba ujumbe wenye upungufu huo huo, lakini unaokufurahisha, nao ungeuacha bila kuusambaza.

Habari moja huwa haitoshi kuangusha imani nzima, na hakuna haja ya kujilazimisha kuiacha kwa siku moja. Lakini kurasa zikiendelea kuongezeka upande mmoja, punguza uhakika unaouonyesha unapozungumza, kisha uwarudie wale uliowashauri zamani, hasa walioamua juu ya dawa au fedha zao kwa neno lako, uwaeleze kilichobadilika na sababu yake.