Namna ya Kuzungumza na Kijana Kuhusu Lifti, Zawadi na Siri

Anayemrubuni mwanafunzi mara nyingi ni dereva wa bodaboda anayempakia bure mvua ikinyesha, mwenye duka anayemwongezea vocha, au ndugu anayemlipia ada, na ndiyo maana kumwonya mtoto dhidi ya watu asiowajua hakutoshi. Mazungumzo yaanzie kwenye fadhila yenyewe: nani amekupa, kwa nini, na je, amekuambia usiseme nyumbani? Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa kuwa mtu mwenye nia njema hana haja ya kufichwa.

Chagueni wakati ambao mikono ina kazi, kama vile mnapochambua mchele, maana kijana aliyeketishwa sebuleni na kukodolewa macho huitikia "ndiyo, mama" akanyamaza. Usianze kwa kumtuhumu. Sema: "Mwenzio akipewa lifti kila siku, halafu dereva akaja kudai, unadhani afanyeje?" Msikilize mpaka mwisho, kisha umweleze waziwazi kwamba chipsi, nauli au simu haiufanyi mwili wake kuwa malipo, na kwamba hata kama ameshapokea, bado anaweza kuja kusema bila kupigwa. Mzazi anayeona haya amwombe shangazi au somo, yaani mwanamke anayewafunda wasichana, ila asisubiri binti avunje ungo.

Wavulana nao wahusishwe. Katika utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009, takriban wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kijana ajue pia sheria: tangu 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30.

Akija na neno zito, usimuulize alivaa nini. Mwambie kwamba unamwamini, na kama ameingiliwa, asioge wala nguo zisifuliwe, afikishwe hospitali mapema iwezekanavyo, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianzwa ndani ya saa 72. Taarifa itolewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ambako hutolewa fomu ya PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu. Ushauri hupatikana bure kwa kupiga 116, namba ya simu ya huduma kwa mtoto. Wakitokea wazee wanaotaka mambo yamalizwe kifamilia kwa fidia, wakatalieni kwa heshima, na kesi iendelee.