Pima oili ya injini mwenyewe kabla hujapanda Lushoto

Wengi wanaotuletea magari gereji hapa Tanga, injini ikiwa imeshaanza kugonga, huuliza swali moja: "Fundi, mbona taa haikuwaka?" Kwa magari mengi, taa ile nyekundu yenye picha ya birika haipimi kiwango cha oili, inapima presha. Ikiwaka barabarani, simama pembeni, zima injini, usijikongoje nalo hadi gereji. Kiwango unakisoma kwenye stiki, yaani kijiti cha kupimia oili kilichochomekwa kwenye injini, na kazi yenyewe haimalizi robo saa.

Hatua ya 1. Egesha mahali tambarare. Hapa mjini si tabu, ila ukiwa milimani Usambara tafuta sehemu isiyoinama, maana kwenye mteremko oili hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na stiki ikakudanganya. Kama injini ilikuwa inafanya kazi, izime, usubiri dakika 5 hadi 10 oili irudi chini. Kitabu cha gari lako kikielekeza vingine, fuata kitabu.

Hatua ya 2. Vuta stiki, ifute kwa kitambaa safi, irudishe mpaka mwisho, kisha ivute tena. Usomaji wa kwanza usiuamini, kwa sababu oili huwa imetapakaa juu ya stiki. Tazama pande zote mbili. Zikitofautiana, shika ile inayoonyesha chini. Oili iwe kati ya alama mbili, na ikikaribia ya juu ni bora zaidi.

Hapohapo iangalie rangi. Weusi peke yake usikutishe, hasa kwa injini ya dizeli. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi (kizibo kati ya bloku ya injini na kichwa chake) imeungua. Gari hilo usiliwashe tena, mwite fundi.

Hatua ya 3. Imepungua? Ongeza aina iliyoandikwa kwenye kitabu au juu ya mfuniko wa oili, kwa mfano 5W-30. Kwa gari dogo, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita 1, kwa hiyo mimina robo lita, subiri, pima tena. Nawasihi sana hapa: msijaze kwa kukisia mkidhani ikizidi ndiyo usalama. Oili ikizidi, kranki (shafti inayozunguka ndani ya injini) huipiga ikatoa povu, presha ikashuka, na sili, zile raba za kuzuia oili isitoke, zikaanza kuvuja. Ikishapita alama ya juu, ipunguzwe kwa nati ya kumwagia iliyo chini ya sampu.

Pima kila wiki mbili, na kabla ya safari ndefu kama ya Dar es Salaam au kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Ikiwa inapungua kila mara, chungulia chini ya gari asubuhi kama kuna matone, na mtu akusaidie kutazama ekzosi: moshi wa bluu maana yake injini inaunguza oili. Andika kilomita za dashibodi kila unapoongeza, na kiasi ulichotia. Fundi wako atakihitaji kikaratasi hicho kabla hajafungua nati yoyote.